Kariakoo, Mji Uliopewa Jina na Wapagazi

Mtu akisimama asubuhi katika kituo cha mabasi cha Bariadi, ataona mizigo ikiteremshwa kutoka katika magari yaliyosafiri usiku kucha, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Ataona marobota ya mitumba yaliyokazwa kwa kamba, maboksi ya viatu, masufuria yaliyofungwa moja ndani ya jingine, vitenge, simu na nyaya za umeme. Akimwuliza mwenye duka mali hiyo imetoka wapi, atajibiwa kwa neno moja tu: Kariakoo. Wala hatauliza tena, maana kila mtu wa Maswa, wa Meatu, wa Itilima na wa Busega alijua neno hilo kabla hajajua njia ya kwenda huko. Wako wafanya biashara wa mkoa wetu wa Simiyu ambao hawajapata kukanyaga Ikulu wala Jumba la Makumbusho, lakini wanaujua Mtaa wa Kongo kama waijuavyo njia ya kisimani kwao.

Walakini twaona kwamba ni wachache katika hao wanaojua maana ya jina lenyewe. Wengi hudhani ni jina la mzee fulani wa Kizaramo, au la mti, kama ilivyo Mchikichi, au la neno la zamani lililopotea maana yake. Sivyo. Kariakoo ni jina la jeshi ambalo halikuwa na bunduki. Nalo ni jina litupasalo kulijua sisi watu wa Usukuma kabla ya wengine, kwa sababu tutakayoieleza.

Tangu karne ya 19, kabla Mjerumani hajatia mguu katika nchi hii, Wasukuma na ndugu zao Wanyamwezi walikuwa wapagazi wa bara na pwani. Waliondoka wakati wa kiangazi, mazao yakiisha kuvunwa, wakateremka Bagamoyo na miji mingine ya pwani na pembe za ndovu mabegani. Wakarudi na nguo, shanga na nyaya za shaba, wakajitahidi wafike makwao kabla ya mvua za kulimia. Kazi hiyo ilikuwa nzito lakini ilikuwa na ujira wake na heshima yake. Kule Unyamwezini kijana asiyepata kuiona bahari alitazamwa kama mtoto ambaye hajakua. Ndiko ulikotoka utani wetu na Wazaramo na watu wengine wa pwani, ambao vijana wa leo huucheka pasipo kuujua mwanzo wake: mgeni aliyefika mbali na kwao, akiugua au akifa njiani, alihitaji mtu wa kumzika asiyekuwa ndugu yake wala adui yake, na mtu huyo akawa mtani.

Ndipo ikaja Vita Kuu ya kwanza, mwaka 1914. Wazungu wa Ujerumani na wa Uingereza wakapigana katika nchi yetu kwa muda wa miaka minne, mahali pasipokuwa na barabara za magari, na penye mbung'o waliowaua farasi na punda. Ilibaki bega la mtu tu. Upagazi wa hiari ukageuka kuwa upagazi wa lazima: mtu alikamatwa shambani, akafungwa kamba na wenzake, akapelekwa kubeba risasi na unga kwa ajili ya vita asivyovijua chanzo chake. Upande wa Waingereza waliandikwa wapagazi wa mataifa mengi, wa Kenya, Uganda, Nyasa, Kongo na Tanganyika, na jeshi lao likaitwa kwa Kiingereza “Carrier Corps”. Idadi ya waliokufa katika kazi hiyo hukadiriwa kukaribia laki moja, nao wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, homa, baridi ya mvua, na chakula kibaya kisichopikwa kikaiva.

Waingereza waliingia Dar es Salaam mwezi Septemba 1916. Huko, nyuma ya mji wa Wazungu na wa Wahindi, palikuwa na uwanja mpana ambao Wajerumani walikuwa wamekwisha kuupima kwa ajili ya mji wa Waafrika, mitaa imenyoka kama mistari ya daftari. Na katikati yake walikuwa wamejenga soko kubwa la kuezekwa, ambalo vita viliwakuta nalo hata halijaanza kutumika kwa kazi iliyokusudiwa. Waingereza wakalifanya kambi ya wapagazi. Hapo ndipo watu walikopangwa, wakahesabiwa, wakapewa posho, wakalala chini, wakaugua. Kinywa cha Mswahili hakikupatana na Kiingereza, kikalizungusha jina la jeshi lile likawa Kariakoo. Vita vilipokwisha kambi ikavunjwa, jina likabaki. Hata Nairobi liko eneo lenye jina hilo hilo, Kariokor, kwa asili hiyo hiyo.

Mwaka 1927 Serikali ya Waingereza ilisimamisha katikati ya mji sanamu ya askari wa shaba, na bunduki yake mbele, ndiyo wenyeji waiitayo Sanamu ya Askari. Chini yake yamechongwa maneno ya kuwasifu pia wapagazi, kwamba ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Maneno ni mazuri. Lakini aliyepewa sanamu ni mwenye bunduki. Mwenye mzigo alipewa maneno, na jina la soko.

Basi katika uwanja ule ule ukajengwa mji. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeugawanya mji wa Dar es Salaam mafungu matatu, na mwaka 1924 ikayatia mafungu hayo katika kanuni za ujenzi. Fungu la kwanza lilikuwa la nyumba za Kizungu, kando ya bahari, penye upepo. La pili lilikuwa la maduka na nyumba za mawe, ambalo kwa kweli lilikuwa la Wahindi. La tatu, pale ambapo mtu aliruhusiwa kujenga kwa miti, udongo na makuti, lilikuwa letu. Kanuni haikutaja rangi ya mtu; ilitaja namna ya nyumba tu. Ndiyo hila ya kanuni nyingi za namna hiyo hata leo: hazimfukuzi maskini kwa jina lake, humfukuza kwa bei ya tofali. Na baina ya fungu la pili na la tatu paliachwa uwanja mtupu, nyumba za Waafrika zilizokuwapo zikaondolewa, ikasemwa kwamba ni kwa ajili ya afya, ili maradhi ya Waafrika yasivuke. Uwanja huo ni Mnazi Mmoja. Wenye kuuacha wazi hawakujua kwamba walikuwa wakitutengenezea mahali pa kufanyia mikutano.

Nyumba ya Kariakoo yafaa tuieleze, kwa kuwa imekwisha kuvunjwa karibu zote, na mtoto wa leo akipita chini ya maghorofa hawezi kuamini. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili, ya chini, yenye mlango mmoja mbele na baraza. Ndani yake ukumbi mrefu ulioipasua katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku. Nyuma ukatoka uani, penye jiko, kisima au bomba, bafu na choo. Ukuta ulikuwa wa miti na udongo, paa la makuti, baadaye madebe yaliyopasuliwa, baadaye mabati. Kiwanja kilikuwa cha Serikali, na mwenye nyumba alikuwa mpangaji wa ardhi kama vile wengine walivyokuwa wapangaji wa vyumba vyake. Chumba kimoja kilikuwa nyumba ya mtu na mkewe na watoto, au ya vijana wanne wasiooa, ambao mmoja alifanya kazi usiku, na kitanda chake kikalaliwa na mwingine.

Katika nyumba hiyo mwenye nyumba hakuwa tajiri wa kukaa mbali. Alikaa chumba kimojawapo, akachota maji katika bomba lile lile. Tena wengi wao walikuwa wanawake. Bwana mmoja Mwingereza, J. A. K. Leslie, aliyetumwa kuuchunguza mji mwaka 1956, na kitabu chake kikachapishwa mwaka 1963, aliona jambo hili na kuliandika: mwanamke aliyeuza maandazi, vitumbua au pombe, au aliyeachwa na mume akapata fedha kidogo, aliziweka katika nyumba, kwa kuwa nyumba haimwachi mtu. Sisi tuliosomeshwa misioni tulifundishwa kuwatazama wanawake wa mjini kwa jicho la shaka. Yatupasa tukiri kwamba mafundisho hayo yalitunyima kuona ya kuwa wao ndio walioupa mji huo mlango na paa.

Waliokaa humo ni akina nani? Wazaramo, Warufiji, Wandengereko na watu wengine wa karibu walikuwa wengi, lakini bara nzima ilikuwamo. Mtaa mmoja unaitwa Nyamwezi hata leo. Walikuwamo Wamanyema waliofuata njia za misafara, Wanubi wa jeshi la zamani, Wazulu walioletwa na Wajerumani kuwa askari, Wangazija, Wayao, Wangoni. Kazi zao zilikuwa za kupagaa katika bandari, za reli, za kufagia mji, za upishi na udobi katika nyumba za Wazungu, na wachache walikuwa makarani, wenye kuvaa kaputula nyeupe na kutembea na kalamu mfukoni. Mtu wa gati hakuwa mfanyakazi wa mwezi. Alikuwa kibarua: aliamka alfajiri, akasimama langoni pamoja na mamia ya wengine, akangoja msimamizi anyoshe kidole. Meli ikiwapo alikula, meli isipokuwapo alikopa kwa mwenye duka, na kama hakukopeshwa alinyamaza.

Hapa ndipo tuombapo msomaji wa Bariadi asogeze kiti. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi lake likafika Mwanza mwaka 1928, likipita Malampaka katika wilaya ya Maswa. Kabla ya hapo pamba ya Usukuma ilikuwa ikivushwa ziwani hata Kisumu na kupelekwa Mombasa. Tangu tawi lile lilipofunguliwa, robota la pamba lililofungwa kwetu liliweza kupakiwa katika behewa Malampaka na kuteremshwa katika bandari ya Dar es Salaam. Na aliyeliteremsha alitoka chumbani Kariakoo. Mkulima aliyechuma pamba ile kwa vidole akapunjwa katika mizani ya mnunuzi, na kuli aliyeibeba kwa mgongo akapunjwa katika ujira, walikuwa wameshika robota moja, kila mmoja mwisho wake, wasijuane.

Makuli waligoma mwezi Julai 1939. Wakagoma tena mwaka 1943, katikati ya Vita Kuu ya pili, wakati chakula na nguo zilipokuwa adimu, bei ziko juu, na kila kitu kikipimwa kwa kadi. Lakini mgomo mkubwa ulikuwa ule wa mwezi Septemba 1947. Ulianza gatini, ukaingia katika reli, ukawashika hata watumishi wa majumbani, mji ukasimama. Kisha ukapanda garimoshi, kama tuwezavyo kusema, ukafuata njia ya reli kwenda bara, stesheni kwa stesheni. Wakubwa wa Serikali walishangaa, maana walikuwa wamezoea kusema kwamba Mwafrika wa mjini ni mkulima aliyekuja kutafuta kodi ya kichwa tu, akiipata atarudi kwao. Sasa waliona watu wenye umoja wa kazi, wasioulizana makabila. Katika mgomo huo kikazaliwa chama cha wafanyakazi wa gati, na miongoni mwa makatibu wake wa kwanza alikuwa kijana wa Kariakoo, Abdulwahid Sykes. Mwaka 1950 palitokea mgomo mwingine ulioingiwa na fujo na umwagaji wa damu, na chama kile kikavunjwa na Serikali. Lakini watu walikuwa wamekwisha kujifunza. Mwaka 1955 lilipoanzishwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Tanganyika, na katibu wake mkuu akawa Rashidi Kawawa, halikuanza katika udongo mtupu.

Mambo ya siasa yanajulikana zaidi, nasi tutayapita upesi. Chama cha Waafrika, African Association, kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1929, kikajenga nyumba yake New Street, ukingoni mwa Kariakoo, mtaa ambao sasa ni Mtaa wa Lumumba. Na ndani ya nyumba hiyo, tarehe 7 Julai 1954, ikazaliwa TANU. Yule Abdulwahid Sykes alikuwa wakati mmoja msimamizi wa soko la Kariakoo, hata mambo ya Chama na mambo ya bei ya mchicha yakajadiliwa katika ofisi moja. Jambo moja tutalikalia kidogo. Mwaka 1955 ilipoundwa sehemu ya wanawake ya TANU, kiongozi wake, Bibi Titi Mohamed, hakuwafuata wanawake kwa makaratasi. Alikuwa mwimbaji wa ngoma ya Bomba, alijua kila kikundi cha ngoma cha mji na kiongozi wake, akawapitia hao. Na kwa muda wa miezi michache wanawake kwa maelfu wakachukua kadi. Wenye nyumba wale wauza maandazi, ambao Mzungu aliwaona kuwa ni jambo la ajabu la mjini, ndio waliokilisha Chama, wakakificha, wakakiimba.

Na sisi wa Usukuma tulikuwa wapi? Tulifungiwa. Tangu mwisho wa mwaka 1954 hata mwaka 1958 Serikali ilikataza matawi ya TANU katika Jimbo la Ziwa. Wakati maelfu walipokusanyika Mnazi Mmoja mwaka 1955 kumsikiliza Mwalimu Nyerere aliporudi kutoka Umoja wa Mataifa, mtu wa Maswa hakuruhusiwa hata kufungua ofisi. Kazi huku ikafanywa na vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba, chini ya uongozi wa Paul Bomani, ambavyo mwaka huo huo wa 1955 viliungana kuwa Shirikisho la Victoria. Huko makuli, huku wakulima. Lile robota la pamba lilikuwa limeanza kuvutwa pande zote mbili kwa nia moja.

Tusije tukafikiri kwamba maisha ya Kariakoo yalikuwa migomo na mikutano tu. Mtu aliyekwisha kubeba mizigo kutwa alitaka pia kucheza. Timu ya Young Africans, ambayo watu wa Bariadi hugombana kwa ajili yake kila Jumapili, iliundwa mwaka 1935 na vijana wa mitaa hiyo. Mwaka uliofuata likatokea kundi jingine, baadaye likaitwa Sunderland, nalo ndilo Simba ya leo. Ugomvi wa ndugu wa mtaa mmoja umekuwa ugomvi wa nchi nzima. Dar es Salaam Jazz ilianza mwaka 1932. Mwaka 1959 ikatokea Western Jazz, iliyojiita kwa jina la Jimbo la Magharibi, la watani na jirani zetu wa Tabora. Palikuwa na taarabu, palikuwa na maulidi, palikuwa na mashindano ya ngoma yaliyomaliza fedha za watu. Tena palikuwa na vyama vya kuzikana, vya kabila kwa kabila, ambavyo viongozi wetu baada ya Uhuru waliviogopa kwa kuwa vilinuka ukabila. Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Walakini yafaa kusemwa kwamba katika mji ambamo Serikali haikujali maiti ya kibarua, vyama hivyo ndivyo vilivyomnunulia sanda.

Sasa twafika mahali ambapo ni vigumu kwa mwandishi wa Chama kupapita, lakini tutapita. Serikali ya kikoloni ilikuwa na sheria ya mwaka 1944 ya kuwaondoa mijini Waafrika iliowaita wasiotakiwa. Polisi waliingia Kariakoo alfajiri, wakauliza risiti ya kodi na cheti cha kazi, na asiyekuwa nacho akapakiwa katika lori na kurudishwa kwao. Tuliilaani sheria hiyo, na tulikuwa na haki ya kuilaani. Kisha tukapata Uhuru, na malori yakaja tena. Yalikuja katika miaka ya kwanza, yakaja mwaka 1976, yakaja mwaka 1983 kwa jina la Nguvu Kazi. Mtu aliyeuza karanga barabarani aliitwa mzururaji, akapelekwa vijijini akalime, na baada ya majuma machache akarudi, maana hali iliyomtoa kijijini ilikuwa haijabadilika. Nia haikuwa moja na ya mkoloni, twakubali. Taifa lilikuwa na njaa, na jembe lilihitaji mikono. Lakini mtu aliyekaa ndani ya lori hakuona nia, aliona lori.

Yako pia mema makubwa ya wakati huo. Mwezi Aprili 1971 majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitwaliwa yawe mali ya umma. Mwaka 1975 likafunguliwa soko jipya la Kariakoo mahali pa lile la Wajerumani, kazi ya mchoraji wa majengo Mtanzania, Beda Amuli. Asiyeliona alitazame siku moja akienda kufuata mzigo: nguzo kubwa za zege zilizopanuka juu kama miavuli iliyogeuzwa, ili maji ya mvua yateremke na kuhifadhiwa chini ya ardhi, na hewa ipite ndani bila mashine. Mtu aliyejenga soko lile alikuwa amewaza juu ya jua letu na mvua yetu.

Baada ya mwaka 1984 milango ya biashara ikafunguliwa, mitumba ikamwagika, na vijana wa Lindi na Mtwara waliotembea na bidhaa mikononi wakaupa umachinga jina lake. Vijana wa Usukuma nao wakaingia, wengi wao kwa njia ile ile ya babu zao: bega na mkokoteni. Kiwanja cha Kariakoo kikapanda bei kama pembe ya faru. Warithi wa bibi yule muuza vitumbua wakajiwa na matajiri. Wengine waliuza, wengine waliingia ubia, wakapewa ghorofa moja juu kwa kutoa kiwanja chini, wengine walipelekana mahakamani hata wote wakachoka. Nyumba ya vyumba sita ikavunjwa, likasimama jumba la ghorofa nane, chini yake maduka madogo ambayo kodi yake na kilemba chake vyaweza kununua shamba zima kwetu. Na wapangaji? Hatujapata kuona karatasi inayosema walikwenda wapi. Mwenye nyumba alikuwa na hati, tajiri alikuwa na fedha, Serikali ilikuwa na kodi yake. Mpangaji alikuwa na godoro tu, akalibeba. Walikwenda Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara, Chanika, na kila alfajiri hurudi Kariakoo kufanya kazi, na jioni huondoka. Mtaa uliokuwa kitanda cha wafanyakazi umekuwa meza ya biashara, na usiku maduka yakifungwa hubaki walinzi.

Tarehe 10 Julai 2021 soko la Amuli likaungua moto. Mwezi Oktoba mwaka huo huo machinga waliondolewa katika barabara za mitaa ile, ingawa miaka mitatu tu kabla yake walikuwa wameuziwa vitambulisho vya shilingi 20,000 ili wasisumbuliwe. Mwezi Mei 2023, na tena mwezi Juni 2024, wenye maduka wa Kariakoo walifunga milango kwa sababu ya kodi na namna ya kutozwa. Wazee waliokumbuka mwaka 1947 hawakuacha kutabasamu, maana safari hii waliogoma walikuwa matajiri. Na tarehe 16 Novemba 2024, asubuhi ya Jumamosi, jengo la ghorofa likaporomoka watu wakiwa ndani, wakafa zaidi ya ishirini, wengine wakazungumza kwa simu kutoka chini ya kifusi mpaka simu zikanyamaza. Serikali iliunda tume ya kuyachunguza majengo ya Kariakoo. Katika mfululizo wa habari za siku zile magazeti yaliandika mengi juu ya nondo na zege. Hatukuona iliyoandika kwamba ardhi ile imewahi kubeba watu wengine, waliolala chini kwa mistari, na wengi hawakurudi makwao.

Twarudi Bariadi. Mkoa wetu ulianzishwa mwaka 2012, na mji huu uliokuwa makao ya wilaya ya pamba ukawa makao makuu ya Mkoa. Watumishi wameletwa, mabenki yamekuja, barabara ya lami imepita, na reli mpya ya Mwanza na Isaka, iliyoanza kujengwa mwaka 2021, inapita Malampaka ile ile. Somanda, Sima na Malambo zina nyumba zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, na uani penye jiko. Humo wamepanga vibarua wa vinu vya pamba, ambao kazi yao ni ya msimu kama ya makuli ilivyokuwa ya meli. Wamo waendesha bodaboda, wauguzi wapya, wauza samaki wa kutoka Lamadi, wanawake wapikao chakula cha madereva. Wamo wenye nyumba wakaao na wapangaji wao, na wengi wao ni wajane.

Mipango ya mji hupimwa kwa viwanja, na kila kiwanja huandikwa jina la mwenyewe. Twaliomba Baraza la Mji wa Bariadi, watakapopita wapimaji, litengeneze daftari la pili, la vyumba na watu waliopanga ndani yake, pamoja na kazi wanazofanya na muda waliokaa. Daftari hilo liwekwe ofisini pamoja na ramani, ili siku tajiri atakapokuja na michoro ya ghorofa zake, pawe na karatasi mbili mezani. Kazi hiyo haihitaji mtaalamu wa kutoka mbali. Wenyeviti wa mitaa na walimu wetu wa shule za msingi waweza kuifanya wakati wa likizo, nasi tuko tayari kuchapisha fomu zake bila malipo.